Kozi ya wiki 5 ina saa 135

Mwisho wa Mei mpwa wangu alikuja nyumbani na laptop kwapani. Ilikuwa Jumapili, chapati ziko mezani, na kabla hata ya kunawa mikono alikuwa ameshasogeza sahani na kuifungua. "Mjomba, nimezipata. Anatomia na historia, zote za mtandaoni, zote samaa wani. Wiki tano tu, nimemaliza."

Samaa wani ndilo jina letu huku Texas kwa wiki tano za kwanza za majira ya joto, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi wiki ya kwanza ya Julai. Baada yake inakuja samaa tuu, wiki nyingine tano. Vyuo huweka kozi nzima ndani ya kila kipande, na Watanzania, Wakenya na Wakongo ninaowafahamu huzigombania kama viti vya daladala saa kumi na mbili asubuhi.

Nilimuuliza anapiga shifti ngapi. Tatu kwa wiki, za usiku, saa 12 kila moja, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikageuza bahasha ya bili ya umeme, nikaanza kuandika.

Kwa kanuni za serikali ya Marekani, krediti hupima kazi. Krediti moja ni saa moja ya kufundishwa na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 kwa hiyo inakula saa 9 kwa wiki. Zidisha kwa 15, unapata saa 135. Muhula ukifupishwa, kanuni hiyohiyo inataka kazi ibaki na uzito uleule. Gawanya 135 kwa wiki 5: saa 27 kwa wiki. Hiyo ni historia peke yake. Anatomia aliyoitaka, BIOL 2401, ina krediti 4 kwa sababu ya maabara, maana yake saa 180, au 36 kwa wiki. Zote mbili, 63. Ongeza saa zake 36 za kazi, unafika 99. Wiki ina saa 168. Akilala saa 6 kwa siku, ambazo mtu wa shifti za usiku huzipata kwa bahati, zimekwenda 42. Zinabaki 27 za kula, kuoga, kufua, kuendesha gari, kuswali na kumpigia mama yake Tanga. Hazifiki 4 kwa siku.

Aliitazama bahasha kwa muda. Halafu akasema maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana wengi kabla yake: "Lakini mjomba, si za mtandaoni? Hakuna darasa."

Ninaamini sentensi hiyo ndiyo inayowaangusha watu wetu kila Julai, kuliko intaneti mbovu, kuliko Kiingereza, kuliko ugumu wa masomo yenyewe. Kozi ya mtandaoni haifuti saa za darasani. Inachofanya ni kuziondolea kuta. Darasa la saa tatu asubuhi lina mlango, lina mwalimu anayekuona ukisinzia, lina jirani atakayekuuliza jana ulikuwa wapi. Saa zilezile zikihamia kwenye laptop hazina mwenyewe, na kila mwenye shida anajichotea. Msimamizi anapiga simu, kuna mtu hakuja, unaweza kupiga dabo, yaani kuunganisha shifti mbili? Unaweza, leo huna darasa. Dada anahama nyumba, unaweza kuja na gari? Unaweza. Mpaka inafika saa nne usiku siku ya Jumapili, sura tatu za kitabu hazijafunguliwa na jaribio linafungwa saa tano na dakika hamsini na tisa.

Nilishaungua kwa moto huo. Zamani kidogo, na mimi nikiwa msaidizi wa manesi, nilichukua GOVT 2305, kozi ya serikali ya shirikisho, kwa wiki tano. Niliichagua kwa sababu niliona ni maneno matupu: Bunge lao lina mabaraza mawili, Mahakama Kuu ina majaji tisa, kuna ugumu gani? Wiki mbili za kwanza nilikwenda vizuri. Wiki ya tatu nilipiga dabo mbili mfululizo, nikakosa majaribio mawili na insha moja. Kwenye muhula wa kawaida wa wiki 16, wiki moja iliyoharibika ni kidonda kinachopona. Kwenye wiki 5 ni moja ya tano ya kozi nzima, na mwalimu hana pa kukurudishia. Siku ya 18 nikajitoa, nikashukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Septemba ililetwa bili. Anayesoma kwa msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho akiacha masomo kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, chuo hulazimika kukokotoa kiasi ambacho "hajakistahili" na kukirudisha serikalini, kisha humdai mwanafunzi pengo linalobaki kwenye ada. Asilimia 60 ya siku 35 ni siku 21. Mimi niliondoka siku tatu kabla ya mstari, nikafungiwa usajili mpaka nilipolipa. Chuo chenyewe sikitaji wala sikilaumu kwa kufuata kanuni. Ninachonung'unikia ni kwamba kanuni hiyo niliisoma kwa mara ya kwanza juu ya bili.

Texas ina mtego mwingine juu ya huo. Sheria ya jimbo inamruhusu mwanafunzi aliyeanza chuo cha umma tangu muhula wa vuli wa 2007 kujitoa kwenye kozi 6 tu katika maisha yake yote ya shahada ya kwanza, isipokuwa awe na sababu zinazokubalika kama ugonjwa au msiba. Ukijitoa kabla ya siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi, haiandikwi. Kwenye muhula mrefu siku hiyo ni ya 12 ya masomo. Kwenye samaa ya wiki tano ni siku ya 4. Mtu anayeanza Jumatatu ana mpaka Alhamisi kujua kama kozi inamfaa, na kwa watu wa shifti za usiku, Alhamisi hiyo wengine hawajafungua hata silabasi. Na hata ukiifungua, kuingia tu kwenye mfumo wa chuo hakuhesabiwi kuwa umehudhuria. Kwa kanuni za msaada wa fedha lazima uwe umefanya jambo la kitaaluma: umewasilisha zoezi, umefanya jaribio, umechangia mjadala wa kozi. Kuna vijana waliofutwa kwenye orodha wakiwa wanaingia kila siku kutazama video.

Kwa nini basi watu wazima wenye akili zao wanaziendea? Kwa sababu hesabu ya pesa iko upande wa kozi hizi. Texas inamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo cha umma awe na krediti 6 za historia ya Marekani na krediti 6 za serikali. Kozi hizo, HIST 1301 na 1302, GOVT 2305 na 2306, zina namba moja jimbo zima, hivyo unaweza kuzisoma kwenye chuo cha jamii cha kaunti yako, yaani kile cha umma cha miaka miwili, na chuo kikuu cha umma kikazipokea. Dallas College, kwa miaka kadhaa kuanzia 2020, ilimtoza mkazi wa kaunti dola 79 kwa krediti, yaani kozi nzima dola 237. Chuo kikuu kinatoza mara kadhaa ya hapo. Isitoshe, kwa kawaida alama za kozi iliyohamishwa haziingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama, ya chuo kikuu kinachoipokea. Zinaingia krediti tu, mradi umepata C au zaidi. Mwanafunzi wa uhandisi asiyetaka historia iguse wastani wake ana kila sababu ya kuimaliza Juni akiwa sebuleni. Sina neno na mtu huyo. Kama yuko nyumbani kwa wazazi na hafanyi kazi, au anafanya ya saa 15 kwa wiki, samaa wani ni biashara nzuri.

Mtu wetu siye huyo, na hapo historia ya jambo lenyewe inafundisha kitu.

Masomo ya chuo wakati wa likizo yana umri mkubwa. Harvard ilianza shule yake ya kiangazi mwaka 1871. Mwaka 1874, kando ya ziwa Chautauqua katika jimbo la New York, kilianza kituo cha kuwafundisha walimu wa shule za Jumapili, kikakua kuwa kama chuo cha kiangazi. Miongoni mwa waliofundisha pale alikuwapo William Rainey Harper, bingwa wa Kiebrania, ambaye pia alikuwa akifundisha lugha hiyo kwa barua za posta. Harper alipokuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofungua madarasa 1892, aliugawa mwaka kuwa robo nne, na robo ya kiangazi ikawa robo kamili kama nyingine. Alianzisha pia idara ya masomo kwa posta. Na mwaka 1901, kwa msukumo wake, ilizaliwa Joliet Junior College jimboni Illinois, chuo cha jamii cha umma cha zamani kuliko vyote vilivyopo Marekani hadi leo. Kiangazi, masomo ya mbali, chuo cha jamii: mambo matatu ambayo mpwa wangu aliyafungua kwenye kioo kimoja yalipita mikononi mwa mtu mmoja kabla redio haijaingia majumbani.

Ila tazama waliokuwa wakija. Walimu. Watu wenye kazi, ndiyo, lakini kazi yao ilifungwa kiangazi. Juni na Julai zilikuwa saa zao tupu, na Harper akazijaza. (Wanaosema likizo ndefu ya Marekani ilitokana na watoto kwenda kulima wanasahau kwamba mkulima huhitaji mikono wakati wa kupanda na wa kuvuna, miji iliyochemka kwa joto ina haki zaidi ya kudai sifa hiyo.) Mfumo mzima ulijengwa juu ya dhana kwamba kiangazi ni wakati mtupu. Kwa mbeba boksi wa leo, mhamiaji anayeishi kwa shifti, ni kinyume. Kiangazi ndipo wenzake kazini wanapochukua likizo na shifti zinapobaki hewani, ndipo anapotaka kuweka akiba ya pango la Septemba, ndipo watoto wako nyumbani kutwa. Tumerithi chombo kilichotengenezwa kwa mtu aliyepumzika, tukampa mtu aliyechoka kuliko wakati wowote wa mwaka.

Utafiti unaonyesha gharama yake. Di Xu na Shanna Smith Jaggars, wakiwa katika kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii cha Chuo Kikuu cha Columbia, walichambua rekodi za wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington, kozi karibu 500,000 kwa ujumla, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Kila kundi lilifanya vibaya zaidi mtandaoni kuliko ana kwa ana. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume, kwa vijana, kwa wanafunzi weusi na kwa waliokuwa na alama dhaifu tangu mwanzo. Nilipousoma kwa mara ya kwanza nilijiona kwenye picha: mwanamume, kijana wakati ule, mweusi, na GPA ya kubembeleza. Nilikuwa nimetimiza masharti yote.

Kuna upande wa pili, na nisingekuwa mkweli kuuacha. Mwaka huohuo taasisi ya sera za umma ya California ilitazama vyuo vya jamii vya jimbo lile ikakuta pengo la namna hiyohiyo, zaidi ya pointi 10 za asilimia kati ya wanaofaulu kozi za mtandaoni na za darasani. Lakini ikakuta pia kwamba waliochanganya, yaani waliochukua baadhi ya kozi mtandaoni, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza cheti chao au kuhamia chuo kikuu kuliko waliokaa darasani tu. Nadhani yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kozi ya mtandaoni ni ngumu zaidi kuifaulu ukiitazama peke yake, na papo hapo ndiyo inayomfikisha mtu mwisho pale ambapo asingepata darasa la saa inayomfaa. Ni kama njia ya mkato ya porini: inafupisha safari kwa anayeijua, na ndiyo inayopoteza watu wengi.

Ufupi wenyewe nao si adui. Odessa College, huku magharibi mwa Texas kwenye visima vya mafuta, ilihamishia sehemu kubwa ya kozi zake kwenye vipindi vya wiki 8 tangu 2014, na vyuo vingine vya jimbo vimeiga. Mantiki yao ni kwamba mwanafunzi mwenye kazi anashika vizuri kozi mbili kwa wakati mmoja kuliko tano, na jambo lolote la maisha likitokea linaharibu kipande kidogo badala ya muhula mzima. Nakubaliana nao. Saa 135 kwa wiki 8 ni saa 17 kwa wiki. Mtu mwenye shifti tatu anaweza, kwa taabu. Tatizo linaanza pale wiki 8 zinapokuwa 5 na kozi moja inapokuwa mbili.

Na mbili hizo mara nyingi huletwa na serikali yenyewe. Sehemu hii watu wetu hawaizungumzi, nami naiona ndiyo kiini. Ruzuku ya Pell, fedha ambayo mwanafunzi wa familia ya kipato kidogo hapaswi kuirudisha akimaliza kozi zake, kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifikia dola 7,395. Zamani ukishaitumia vuli na masika, kiangazi huna kitu. Bunge lilifungua mlango wa kiangazi kwa muda mfupi, likaufunga 2011, likaufungua tena 2017: sasa mwanafunzi anaweza kupata hadi asilimia 150 ya ruzuku yake kwa mwaka mmoja. Jambo jema. Mama wa Kikongo aliyeingia kama mkimbizi na kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa shirikisho, anastahili, sawasawa na jirani aliyezaliwa hapa.

Ila kuna sharti. Ili uipate hiyo nyongeza lazima usome angalau nusu ya mzigo wa mwanafunzi kamili, na kwa vyuo vingi hiyo ni krediti 6. Kozi mbili. Mtu ambaye akili yake na ratiba yake zinamwambia achukue moja, fedha inamwambia achukue mbili au asilipiwe. Atafute namna ya kuzipanga: akizichukua kwa pamoja kwa wiki 10, ni saa 270 kwa wiki 10, sawa na 27 kwa wiki. Akichukua moja samaa wani na nyingine samaa tuu, ni 135 kwa wiki 5, halafu tena 135 kwa wiki 5. Ni 27 vilevile. Hakuna upande wa kukimbilia. Na hiyo Pell ina kikomo cha maisha, mihula 12 kamili, kwa hiyo anayeitumia kiangazi na kuanguka amepoteza muda na amekula sehemu ya ghala lake pia. Waliotunga sharti hilo walitaka watu wamalize haraka. Kwangu mimi ni sharti baya, na ningelifuta kesho: mlipie mtu kozi moja ya kiangazi, uone ni wangapi watafaulu.

Wenye F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, hawaguswi na Pell, hawaipati, lakini wana kivutio chao. Wakati wa muhula wa kawaida, ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa kwenye mzigo kamili wanaolazimika kuubeba. Kiangazi, kama umeshamaliza mwaka mzima wa masomo na utarudi vuli, ni likizo yako halali. Hulazimiki kusoma kitu, kwa hiyo ukisoma mtandaoni kikomo kile hakikubani. (Anayeanza programu yake kiangazi ni habari nyingine, akaulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kulipa chochote.) Matokeo yake ni kijana anayekata tiketi ya kwenda nyumbani Juni na kozi moja mkobani.

Huko ndiko mambo yanakochekesha kidogo. "Summer" yao ni kipupwe chetu. Unakuta mtu yuko Tanga, upepo wa kusi unavuma, amejifunga shuka, anasomea kiangazi. Tofauti ya saa kati ya Texas na Afrika Mashariki wakati huo ni 8. Kazi ya kuwasilishwa saa 5:59 usiku wa Jumapili kwa saa za Dallas inafungwa saa 1:59 asubuhi ya Jumatatu kwa saa za Tanga. Canvas, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, huonyesha saa kulingana na eneo ulilochagua kwenye mipangilio yako. Usipolibadilisha utakuwa unasoma 11:59 ya Texas, unaigeuza kuwa saa tano na dakika 59 ya Kiswahili, na kichwa chako kinaamini ni usiku wa hapo ulipo. Kwa Texas kosa hilo linakufaidisha, maana unawahi. Linalokuumiza ni mtihani unaofunguliwa saa mbili asubuhi yao, ambayo ni saa kumi jioni kwenu, nyumba imejaa wageni waliokuja kumwona mtoto wa Marekani, bando limebaki kidogo na umeme hauna uhakika. Hakuna mwanafunzi aliyerudi nyumbani baada ya miaka miwili ambaye mama yake atakubali ajifungie chumbani jioni nzima. Ukiniuliza, kozi ya kusafiri nayo iwe ya kuandika insha, isiwe na mtihani wa saa maalumu.

Mtihani wa mtandaoni una adha yake hata ukiwa Texas. Programu za usimamizi hutaka kamera iwake na uso uonekane muda wote. Wanafunzi weusi wamelalamika hadharani, hasa tangu 2020, kwamba programu hizo haziwatambui mpaka wajimulike taa usoni. Joy Buolamwini wa MIT alishaonyesha mwaka 2018, katika mifumo ya kutambua jinsia kwa uso, kwamba makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7 wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Na Agosti 2022 jaji wa shirikisho jimboni Ohio aliamua kwamba Cleveland State University, chuo cha umma, ilivunja Katiba ilipomtaka mwanafunzi aizungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani. Hilo mimi silioni kuwa la kukufanya usisome. Lakini anayelala chumba kimoja na wenzake watatu wa shifti tofauti anapaswa kuliwazia kabla ya Juni: kamera itamwona nani nyuma yako amelala?

Narudi kwa anatomia, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Vijana wetu wengi huku wanaelekea unesi, na nusu ya mazungumzo ya baada ya swala au baada ya ibada ni kuhusu masharti ya kuingia: anatomia, mikrobaiolojia, kemia. Programu za unesi huwapanga waombaji kwa alama za kozi hizo hasa. Nyingine hazipokei maabara ya mtandaoni, nyingine hazikuruhusu kurudia zaidi ya mara moja. Kuiweka kozi ya namna hiyo kwenye wiki tano, mtandaoni, juu ya shifti za usiku, ni kuchukua jiwe la msingi na kulijaribia kama linaelea. Historia ukipata C imekwisha, hakuna atakayekuuliza. Anatomia ukipata C umepata F ya taratibu. Kuna wazee katika jamii zetu wanaowasukuma watoto hivi, "malizia samaa, malizia samaa", kana kwamba muhula ni debe la mahindi. Wengi wao walisoma zamani, darasani, wakiwa hawajui dabo ni nini.

Vyuo navyo vingeweza kusaidia kwa mstari mmoja tu. Kwenye ukurasa wa usajili huandikwa tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika, jina la mwalimu na neno "mtandaoni". Waandike pembeni: saa 27 kwa wiki. Herufi chache, hazigharimu kitu. Nashuku ninajua kwa nini haziandikwi.

Mpwa wangu aliifuta anatomia palepale mezani. Ataisoma vuli, darasani, na mifupa ya plastiki mkononi. Historia aliibakiza. Kisha aliniomba ile bahasha, tukaanza kuzipangia zile saa 27 mahali pake kama mtu anayepanga wageni wa kulala: Jumanne na Jumatano maktaba ya mtaa, saa nne asubuhi hadi saa tisa, Alhamisi na Ijumaa hivyohivyo, Jumamosi muda wa saa tatu baada ya kuamka, Jumapili mchana nyingine tatu kwangu, hapahapa, chapati zipo. Saa moja iliyobaki akasema ni ya dharura.

Juzi nilipita kwake. Bahasha iko kwenye mlango wa friji, ina doa la mafuta pembeni. Wiki ya kwanza ina alama za vema kila siku. Wiki ya pili, Alhamisi, mstari mwekundu umepita juu ya saa zote tano, na chini yake kwa mwandiko wake mdogo imeandikwa: dabo.